Nani huandaa Concours d'Elegance ya Nairobi

Wengi hudhani Concours d'Elegance, yaani mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa vizuri kuliko zote, huandaliwa na benki. Hapana, si benki. Anayeiandaa ni klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo hapa Kenya, tangu 1970. Benki imekuwa mdhamini tu, ndiyo maana jina lake limekuwa likijaa kwenye mabango pale Ngong Racecourse, uwanja wa mbio za farasi. Mimi huenda kila nikipata nafasi, na kinachonigusa zaidi ni majaji: unamkuta mtu mzima amejilaza kwenye nyasi, tochi mkononi, akitafuta tone la oili uvunguni mwa gari. Injini, buti, viti, rangi, vyote vina alama zake. Ila usidhani ni ya Alfa pekee. Magari ya aina nyingine hushindana pia, na pikipiki zina mashindano yake.