Kabla hujazama Mirerani, mtafute mzee wa daftari

Mvua zikigoma huko nyumbani, simu yangu haipoi. "Kaka, nimesikia Mirerani mawe ya tanzanite yanatoka, nije?" Siwakatazi. Nimekula ugali wa kule, nimepanda na kushuka ngazi za mashimo yale, sasa mdomo wa kumkataza mtu nitautoa wapi? Ninachowaambia ni kimoja: kabla ya kuulizia shimo, muulizie mzee wa daftari. Anashinda kwenye kibanda cha chai, nje ya ukuta unaozunguka migodi.

Jina lake siliandiki, kwa sababu hajaniruhusu na wapo matajiri wasiompenda hadi leo. Lakini humkosi. Amevaa lubega nyekundu, juu yake koti la suti lenye kalamu nne mfukoni, kichwani kofia ngumu ya mgodini iliyopasuka, miguuni makatambuga ya tairi. Kijana akipita bila kumwamkia anasimamishwa: "Ero! Shikamoo yako umeiacha kwa mama?" Ukishamwamkia anacheka, anakohoa, anaagiza chai. Chai hiyo utailipia wewe.

Kikohozi chake amekitoa chini. Alizama enzi ambazo ukuta wa kilomita 24 haujajengwa, mtu anaingia na kutoka atakavyo, hakuna lango wala ukaguzi. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa shimoni, wa wakati ule walipanda asubuhi wamepakaa kinywe, vumbi jeusi la mwamba, mwili mzima, weusi wa kung'aa kama masufuria, hata mke hamtambui mumewe. Mapafu hayakuachwa salama.

Siku hizi anaishi kwa daftari. Ni lile kubwa la kaunta, limevalishwa jalada la kalenda ya zamani. Ndani yake kuna makubaliano ya mgao, ukurasa kwa ukurasa, na dole gumba la kila mhusika kwa wino wa bluu.

Kama hujawahi kufanya kazi ya mawe, jua kwamba mwanaapolo mara nyingi hana mshahara. Tajiri anatoa chakula, baruti na dizeli ya kompresa, wewe unatoa jasho, mkisubiri mgodi utoe. Miezi inapita. Wakati huo wote nyinyi ni ndugu, mnaitana "mwanangu". Jiwe likitoka, undugu unaanza kupigiwa hesabu. Mwenye leseni ana chake, mfadhili ana chake, meneja naye yumo, na nyinyi mliokuwa na nyundo mnaambiwa subirini nje.

Ndiyo maana ukimwambia umeahidiwa asilimia kumi, swali la mzee huwa ni lile lile: "Asilimia kumi ya nini?" Vijana wengi wanabaki wamemtolea macho. Je, ni kumi ya bei iliyouzwa, au ya kinachobaki baada ya kukata dizeli, baruti na ugali wa miezi yote? Hapo ndipo watu wanapoumia. Akitoka hapo anakuuliza: siku ya kuuza, nani wa kwenu atakuwepo mezani? Na jiwe likitoka ukiwa unaumwa malaria kitandani, umo au haumo? Hayo yote anayaandika, na anataka mashahidi wawili, mmoja asiwe wa mgodi huo. Mimi ningeongeza la kwangu: piga picha ukurasa huo, umtumie dada yako nyumbani. Simu zinaibiwa, na madaftari yanaweza kuungua.

Si mwanasheria, na analisema mwenyewe. Kabla ya kuandika neno anakutuma Tume ya Madini ukaulize leseni ni ya nani na inaisha lini. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania, na muda wake ni miaka 7. Anayejiita mmiliki pale shimoni anaweza kuwa mfadhili tu, na mkataba wako naye ukawa karatasi ya kufungia maandazi.

Juni 2020 mchimbaji mdogo wa hapo Mirerani, Saniniu Laizer, alitoa mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, Serikali ikayanunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Rais Magufuli akampigia simu pale pale, watu wakisikia. Agosti likafuata la tatu, kilo 6.3. Mji mzima ukawa unaimba bilioni. Mzee yeye alishika jambo lingine. Laizer, mtu mwenye ng'ombe kama 2,000, alisema atachinja mmoja asherehekee, kisha akazungumzia kujenga shule na jengo la maduka huko Simanjiro. "Mmoja kati ya elfu mbili!" mzee alikuwa akipiga kelele kibandani. "Wewe ukipata laki tano unachinja baa nzima." Na aliuzia serikalini, bei ikatajwa hadharani. Jiwe likiuzwa gizani, mgao wako utaupigia hesabu ya bei ipi?

Kuhusu usalama hana hotuba ndefu. Baruti ikishapigwa, usikimbilie kuwa wa kwanza kushuka, moshi wake unaua kimya kimya. Uliza kama shimo lako lina mitobozano, yaani limetobokea kwenye mashimo ya jirani, maana maji yakiingia kwa jirani yanakufikia na wewe. Machi 2008 mvua ya usiku ilifurisha mashimo ya Mirerani, makumi ya wachimbaji wakafia humo. Masika mimi sizami, tajiri aseme atakavyo.

Ada ya mzee ni kilo moja ya sukari, na mgodi ukitoa umkumbuke kwa unachojaliwa. Mlevi hamwandikii. Tajiri asiyetaka kuweka dole gumba hambembelezi pia: anafunga daftari, anamwambia kijana atafute shimo lingine. Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali na chai haijaisha.