Jina la Kifaransa la binti: Geneviève au Mireille?

Hongera dada. Nimekuelewa, baba mtoto ni Mrundi, kwao wanataka jina la Kifaransa, we uko Dar na unaogopa mtoto ataitwa maajabu shuleni, na sasa mnavutana kati ya Geneviève na Mireille.

Mi Geneviève ningeiacha, bibi zake wa huku wataita Jenovefa hata ufanyeje. Mireille ni zuri na kwao Burundi limezoeleka sana, ila mwalimu wa hapa akiona hizo herufi atasoma anavyojua yeye. Yanayopita kote kote ni kama Nadine, Diane, Clarisse au Amélie, hata konda anaita bila kujikwaa. Pascale na Michèle ni ya kike lakini kwa sikio ni Pascal na Michel tu, watu watadhani mna dume.

Muulize pia mumeo jina la Kirundi, maana kule mtoto mara nyingi hupewa la kwake mwenyewe, sio lazima abebe la baba, na ukijaza fomu za huku wanataka la baba na la ukoo, hapo ndo vurugu huanzia.

Kubwa ni makaratasi. Amueni spelling moja, bila vile vialama vya juu, iende hivyo hivyo kwenye tangazo la kizazi, cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili), ubatizo mpaka pasipoti. Cheti kikitoka na kosa msichezee kwa peni, rudini RITA, na kama mnabadili jina zima mwoneni wakili kwanza.