Viatu vya Nesi Elizabeth: maswali yenu kuhusu wanawake wa Ireland

Niligusia uasi wa Pasaka wa 1916 mjini Dublin, Waayalandi walipoinuka dhidi ya utawala wa Uingereza, mkaniandikia kwa wingi. Najibu machache.

Wanawake si walikuwa wapishi tu wa wapiganaji?

Walipika, na waliuguza majeruhi huku risasi zikilia. Lakini Winifred Carney aliingia Posta Kuu, makao makuu ya waasi, akiwa na taipureta na bastola. Constance Markievicz alikuwa msaidizi wa kamanda katika bustani ya St Stephen's Green. Alihukumiwa kifo, akaponea kwa sababu tu ni mwanamke. Éamon de Valera, mmoja wa makamanda wa uasi, ndiye aliyekataa katakata kupokea wanawake kikosini mwake.

Cumann na mBan kilikuwa chama gani?

Chama cha wanawake kilichozinduliwa Dublin Aprili 1914, kushirikiana na wanamgambo wa kiume. Kabla yake, mwaka 1900, Maud Gonne alikuwa ameanzisha Inghinidhe na hÉireann, yaani Mabinti wa Ireland.

Wanaume waliwaheshimu?

Hapa ndipo roho inaponiuma. Mwaka 1881 viongozi wa Ligi ya Ardhi, waliotetea wapangaji dhidi ya makabaila, walipotupwa jela, Anna Parnell na wenzake wa Ligi ya Ardhi ya Wanawake ndio waliobeba mzigo wote. Familia ikitolewa nyumbani kwa nguvu, vitu vimerundikwa barabarani, wao wanafika na msaada na mbao za kujengea kibanda. Mwaka 1882 wanaume wakatoka, wakalalamikia gharama, na ligi ya wanawake ikavunjwa. Aliyewakatia fedha ni Charles, kiongozi wa Ligi ya Ardhi na kaka yake Anna wa tumbo moja. Anna hakuzungumza naye tena.

Baada ya uhuru walipata nini?

Kura sawa na wanaume, 1922. Kisha katiba ya 1937, ya de Valera yuleyule, sasa akiwa mkuu wa serikali, ikataja maisha ya mwanamke ndani ya nyumba kuwa ndiyo mchango wake kwa taifa.

Ile picha maarufu ya waasi wakisalimu amri 1916 ina mwanamke?

Yumo. Ni nesi Elizabeth O'Farrell, aliyetoka na kitambaa cheupe mtaani tarehe 29 Aprili kwenda kuwakabili wanajeshi wa Uingereza. Tazama pembeni mwa Patrick Pearse, kiongozi wa waasi, chini: pindo la sketi na viatu vyake. Nakala nyingine zilizochapishwa baadaye zimefuta hata hivyo viatu.