Kabla hujafuta hizo "takataka" juu ya herufi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya maandishi ya lugha zetu, nimeona niandike hii manake Alhamisi nilimkuta kijana wetu kidole kiko kwenye Enter, anataka kufuta kwa mpigo "vimstari vilivyokaa vibaya" kwenye faili la Kilingala. Nilipiga kelele ofisi nzima ikageuka. Samahani kwa kelele, lakini hilo kosa nalijua vizuri sana, nitawaambia nililijuaje.

1. Unachokiona kwenye skrini siyo lazima ndicho kilichoandikwa. Hiyo ĩ ya neno la Kikuyu mũtĩ inaweza kuwa herufi moja, U+0129 (ndiyo namba yake kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta), baiti 2, au ni i ya kawaida iliyofuatwa na U+0303, yaani kile kiwimbi peke yake, jumla baiti 3, halafu edita na fonti zikaviunga vikatoka umbo moja. Kwa macho hutajua. Kwenye edita ya Vim weka kishale hapo ubonyeze ga, kwenye edita ya Emacs C-u C-x = (C- ni kushikilia Ctrl), utaambiwa kila kitu. Kuna orodha ya maneno ya Kikuyu niliwahi kupewa ina mũndũ mara tatu kama maneno matatu tofauti, aliyeiandaa ameapa kwamba alishaondoa marudio, na kweli aliondoa! Moja liliandikwa kwa kibodi ya Kikuyu, jingine lilipestiwa kutoka kwenye hati ya mtu, la tatu ũ ya kwanza hivi ya pili vile. Kompyuta inalinganisha namba jamani, hailinganishi sura.

2. Alama inakuja baada ya herufi yake, siyo kabla. Ukitanguliza alama inapanda juu ya herufi iliyopita, na kama ni mwanzo wa mstari utaona kiduara cha nukta nukta. Hicho kiduara hakimo kwenye faili, msihangaike kukitafuta.

3. Alama ikikaa vibaya, shuku fonti kwanza. Hapa ndo kwenye kidonda changu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa orodha ya maneno ya Kilingala, maingizo kama 3,200 hivi, niipange kwa ajili ya kuchapa. Fonti niliyokuwa nayo ɔ inayo, ɛ inayo, na alama ya toni inayo, lakini haikuwa na zile nanga za kuambia alama ikae wapi juu ya herufi. Kwa hiyo kila penye ɔ́ kile kimstari kilining'inia pembeni, mara kinagusa herufi inayofuata, nikasema huu ni uchafu umeingia wakati wa kukopi. Nikaandika kiskripti, kifute kila kitu kuanzia U+0300 mpaka U+036F, yaani alama zinazokaa juu au chini ya herufi, nikakiendesha juu ya faili lenyewe, nikasevu, bila bakapu. Skrini ikawa safi. Nikaenda nyumbani nimefurahi kabisa.

Sasa sikilizeni ubaya wake uko wapi. Faili lilikuwa kwenye NFC, ule mtindo wa Unicode unaounga herufi na alama yake kuwa herufi moja pale umbo lililoungwa lipo, kwa hiyo á, é, í, ó, ú zote zilikuwa herufi moja moja zilizokwisha kuungwa, skripti haikuzigusa. Lakini ɔ́ na ɛ́ hazina umbo lililoungwa kwenye Unicode, lazima ziandikwe herufi na alama, na ndizo hizo tu zilizopoteza toni. Ingekuwa toni zote zimepotea ningeshtuka siku hiyohiyo. Zilipotea za irabu mbili kati ya saba, na kila ukurasa bado ulikuwa umejaa alama, ukiutazama unaona uko sawa. Kwa Kilingala moto ni mtu, motó ni kichwa, hizo zilibaki salama, lakini mɔ́tɔ, ambao ni huu moto wa kuwaka, ukawa mɔtɔ.

Mzee wa Kinshasa aliyekusanya maneno yale ndiye aliyegundua, wiki tatu baadaye, nilipompelekea kurasa za majaribio. Alisoma kimya, akavua miwani, akaniambia, "Mwanangu, hapa moto umezimika." Nilitamani anigombeze lakini hakunigombeza, na hiyo iliniuma zaidi. Kurudisha kwa kanuni haiwezekani, kwa sababu ɔ nyingine kihalali haina alama, tazameni ya mwisho ya mɔ́tɔ yenyewe, skripti gani itajua ipi ilikuwa nayo ipi haikuwa nayo? Tuliketi jioni 11, yeye anasoma kutoka kwenye madaftari yake ya mkono, kila neno lenye ɔ au ɛ analitamka mara mbili, mimi naandika. Mtu wa umri ule, macho yamechoka, anarudia kazi ambayo alishaimaliza vizuri kabla mimi sijaigusa. Mpaka leo nikiona mtu anafuta alama kwa mpigo tumbo linanikata.

4. Kila faili linaloingia lipitisheni NFC kabla ya kupanga au kuondoa marudio, kwenye Python ni unicodedata.normalize, mstari mmoja tu, Emacs ina ucs-normalize-NFC-region. Na ɔ́ ikibaki vipande viwili baada ya hapo, haijaharibika, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

5. Bakapu kwanza, na skripti iandike kwenye faili jipya. Sirudii.

6. Jueni kitufe chenu kinafuta nini. Emacs, kufuta kurudi nyuma kunaondoa alama peke yake, kitufe cha Delete kwenye matoleo ya karibuni kinabeba herufi na alama zake zote. Vim, x inabeba vyote mpaka useme :set delcombine. Wengi mnaoniletea ɛ zisizo na toni hamkuzikosea kuandika, mlizifuta na kuziandika upya mkasahau kile kimstari.

Na yule kijana wa Alhamisi nilikaa naye hapohapo, nikamwekea fonti ya Charis SIL, ambayo nanga inazo, kwenye Emacs yake, akafungua faili lilelile, vimstari vyote vikawa vimetulia juu ya ɔ zake. Hakuwa amefuta hata kimoja.