Vioo vya macho kwenye helmeti ya kuigizia: anza na giza la ndani

Helmeti za kuigizia Dar zina wavaaji wa kila aina. Wapo wa bethidei za watoto, wapo wa promosheni wanaocheza nyuma ya gari la spika, wapo mashabiki wanaoingia Uwanja wa Benjamin Mkapa wakiwa na kichwa cha simba au jitu la kijani na njano, na wapo vijana wanaotengeneza askari wa anga za mbali kwa ajili ya video zao. Wote wakifika kwenye macho huniuliza swali moja: niweke kioo gani ili watu wasinione, lakini mimi niwaone?

Jibu langu huwa haliwafurahishi. Kioo ni sehemu ndogo ya kazi. Kinachoficha macho yako ni giza lililoko ndani ya helmeti.

Angalia gari lenye tinti. Mchana wa jua kali huoni aliyekaa ndani, ila yeye anakuona vizuri tu. Usiku akiwasha taa ya ndani, unamwona mpaka rangi ya shati. Tinti ni ile ile, mwanga ndio umehama upande. Kwa hiyo kabla hujazunguka Kariakoo kutafuta kioo, paka ndani ya helmeti rangi nyeusi isiyong'aa, kila mahali, hadi kwenye kingo za matundu ya macho. Ziba mianya inayoingiza mwanga kutoka juu na kisogoni. Kama ni tundu la hewa, liwekee kipande cha foma kwa mbele ili hewa ipite kwa kona. Kisha vaa kofia ya kininja nyeusi. Ngozi inayobaki wazi kuzunguka macho, ipake wanja. Ukishafanya hayo, kioo chenye tinti hafifu tu kitakuficha, na wewe utaona ngazi, waya za spika na watoto.

Wengi hufanya kinyume. Ndani wanaacha foma ya rangi ya maziwa, halafu wanahangaika na kioo cheusi tii. Matokeo yake mtu anashikwa mkono ukumbini kama mgonjwa wa macho, na kamera ikipiga flashi sura inaonekana vilevile.

Kuhusu kiwango cha tinti: ile asilimia inayotajwa na mafundi ni ya mwanga unaopita, si unaozuiwa. Kwa hiyo 5 ni nyeusi kuliko 35. Kazi ya juani natumia 20. Kazi ya ukumbini jioni natumia 35, na ya 5 nawaachia wenye magari. Kumbuka pia kwamba tinti juu ya tinti zinazidishana. Kioo kinachopitisha asilimia 35 ukikibandika karatasi nyingine ya 35, kinabaki kupitisha kama asilimia 12 tu. Wenye kuchukua kioo cha helmeti ambacho tayari kina moshi, kisha wakaongeza tinti, ndipo wanapopotelea. Karatasi ya kioo-kioo ya rangi ya fedha inapendeza sana kwenye picha za mchana, na kwa video ya barabarani naipenda. Inafuata sheria ile ile ya giza la ndani.

Kioo cha kuchomelea naulizwa kila mara, kwa sababu kiko tayari, ni cha duara na kina ule ukijani wa kutisha. Sikitumii. Miwani ya kuchomelea kwa gesi, namba 5, inapitisha takriban asilimia 2 ya mwanga. Namba 10 ya kuchomelea kwa umeme haipitishi hata asilimia moja. Ndani ya ukumbi ni sawa na kufumba macho. Hata ukipata namba 3, ambayo inapitisha kama asilimia 14, mara nyingi ni kioo halisi, kinachovunjika vipande. Mbele ya jicho, penye kiwiko cha mtoto au chupa ya maji inayorushwa jukwaani, nataka plastiki.

Plastiki yangu ya kwanza ni kioo cha helmeti ya bodaboda. Kimetengenezwa kwa polikaboneti, hakipasuki ovyo, na tayari kimepinda, jambo ambalo kwa fundi wa mtaani ni nusu ya mshahara. Tafuta kisicho na mikwaruzo katikati. Mikwaruzo ya pembeni utaikata. Ya pili ni vipande vya akriliki, ile wanayoiita perspeksi, vinavyobaki kwa watengeneza mabango. Ukiomba kwa adabu unapewa bure au kwa bei ya soda. Ubaya wake ni kwamba inapasuka ukiitoboa kwa haraka. Ya tatu ni zile ngao za uso za plastiki zilizobaki tangu kipindi cha Uviko. Ni nyembamba, unazikata kwa mkasi, na kwa helmeti ya mtoto zinatosha.

Usianze kukata chochote kabla hujaweka sponji ya ndani. Helmeti isiyo na sponji inakaa chini kuliko itakavyokaa siku ya kazi, na macho uliyopima leo yatakuwa kwenye paji la uso kesho. Weka sponji, vaa, simama mbele ya kioo, mwambie mwenzako aweke alama mahali mboni zilipo. Hapo ndipo ukate tundu. Na kioo kikae karibu na uso kadiri inavyowezekana bila kugusa kope, maana kikisogea mbele sentimita chache, upana wa unachokiona unapungua sana.

Chukua karatasi ya manila, iweke kwa ndani juu ya tundu la jicho, chora mzunguko wa tundu kwa penseli, kisha ongeza sentimita moja pande zote. Hiyo sentimita ndiyo itakayoshikwa. Kata manila, ijaribu ndani ya helmeti, ipunguze panapogonga pua au sponji. Ikikaa vizuri, ibandike juu ya kioo kwa maskingi tepu na uchore. Ile nailoni ya kulinda perspeksi usiivue. Kama kioo chako hakina, funika pande zote mbili kwa tepu. Polikaboneti naikata kwa msumeno mwembamba taratibu, au kwa mkasi wa bati ikiwa nyembamba. Akriliki naikwaruza kwa kisu mara nyingi kwenye mstari ulionyooka na kuivunja ukingoni mwa meza. Kona za mviringo namalizia kwa tupa na msasa. Kingo zote zipigwe msasa hadi kidole kipite bila kukwama, maana zitakuwa karibu na jicho. Baada ya hapo mpelekee fundi tinti. Vipande anavyotupa vinatosha macho mawili, na ana ile mashine ya hewa ya moto ya kuinyoosha tinti kwenye plastiki iliyopinda. Mwambie aibandike upande wa ndani, isikwaruzwe na watu.

Sasa kufunga. Hapa nina msimamo mmoja: kioo lazima kitoke. Kwa jasho la Dar, kwa vumbi la barabarani, kwa mikwaruzo, utakitoa tu, na uliyekibandika moja kwa moja utakitoa na kipande cha helmeti.

Ninachofanya kwenye helmeti za foma ni mfereji. Nakata vipande vya foma vyenye unene sawa na kioo, navibandika kwa gundi ya viatu kuzunguka tundu pande tatu: chini, kulia na kushoto. Juu ya hivyo nabandika vipande vingine vipana zaidi, vinavyoingia juu ya kioo kama milimita tano. Upande wa juu wa tundu naacha wazi. Kioo kinateleza kutoka juu, kinakaa, na kipande kidogo cha velkro kinakizuia kisirudi. Ukitikisa helmeti na kusikia kinagonga, weka ukanda mwembamba wa kitambaa ndani ya mfereji. Gundi yote ikauke usiku mzima kabla kioo hakijaingia. Gundi ya viatu ina kiyeyushi, na mvuke wake ukifungiwa pamoja na plastiki angavu unaweza kuiletea nyufa ndogo ndogo.

Helmeti ngumu, za faiba au za kuchapishwa kwa mashine ya 3D, nazifunga kwa skrubu ndogo. Toboa tundu la kioo likiwa kubwa kidogo kuliko skrubu, weka washa ya mpira, kaza hadi kishike tu. Plastiki inatanuka juani, na ukiikaza kama nati ya gari itapasuka kuanzia kwenye tundu.

Supagluu iweke mbali na kioo kabisa. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Gundi ya vijiti, ile ya kuyeyushwa kwa moto, ni nzuri kwa kujaribia, ila helmeti ikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, inalegea. Kama ni lazima ubandike moja kwa moja, tumia silikoni ya mafundi wa alumini, matone machache kwenye kingo, ambayo baadaye unaweza kuyakata kwa wembe.

Ukungu ndio adui mkubwa kwetu sisi wa pwani. Pumzi inatoka na joto la mwili, imejaa mvuke, na kioo kikiwa na ubaridi kidogo tu inageuka matone. Ukumbi wenye AC unazidisha, kwa kuwa unapoza kioo. Halafu kuna hili wengi hawalitegemei: ukitoka kwenye AC kwenda nje, ukungu unashika upande wa nje, kama miwani ya mtu anayeshuka kwenye gari lenye ubaridi. Huo hauna dawa ya ndani. Simama kivulini dakika kadhaa kioo kipate joto, usikimbilie kucheza.

Kwa ukungu wa ndani, kwanza zuia pumzi isipande. Kipande cha sponji juu ya pua, kinachogusa helmeti, kinaielekeza kwenye mdomo, na mdomo uwe na matundu ya kweli. Pili, paka tone la sabuni ya vyombo upande wa ndani, lisambaze kwa kidole, lisugue kwa kitambaa laini hadi kioo kiwe wazi. Usitumie dawa ya vioo vya madirisha yenye amonia. Inaharibu tinti na polikaboneti. Tatu, feni ndogo ya volti 5 inayolishwa na pawabenki, ikitoa hewa nje kupitia juu ya kichwa. Jaribu pawabenki yako nyumbani kwa muda mrefu, maana nyingine zinajizima zenyewe kwa kuona feni inakula umeme kidogo mno, kisha unaachwa kwenye joto katikati ya wimbo.

Na si lazima uone kupitia macho ya helmeti. Wamakonde walilimaliza hili zamani: kwenye mapiko, ngoma yao ya vinyago, kinyago cha mti mwepesi kinafunika kichwa, na mchezaji anaona kupitia mdomo wa kinyago. Kwa vichwa vikubwa vya wanyama nafuata njia hiyo. Macho yanakuwa ya mapambo, na mdomo unawekewa wavu mweusi wa madirisha, ule wa kuzuia mbu. Ukitaka jicho jeupe linalopitisha mwanga, gongagonga rangi kwa sponji kavu upande wa nje wa wavu tu, bila kuziba vitundu. Watu wanaona weupe, wewe unaona uwanja, hewa inapita, ukungu hakuna. Kusema kweli, kwa kazi ya juani naupendelea wavu kuliko kioo chochote.

Ukitaka macho yanayowaka, taa za LED zikae ukingoni, nyuma ya ukuta mdogo wa foma nyeusi, mwanga uende nje tu. Zikimulika ndani, unarudi kwenye gari lililowashwa taa usiku.

Kabla ya kazi, vaa kila kitu na utembee nyumbani. Usiangalie mbele, angalia chini: ni hatua ngapi kutoka miguuni pako ndipo unaanza kuona sakafu? Ndani ya umbali huo ndimo watoto wa bethidei watakapokuwa. Kama ni mbali, ongeza tundu la wavu chini ya kidevu. Panda na kushuka ngazi. Hata hivyo, tafuta msaidizi wa kukushika bega barabarani, na helmeti hii usiipandie bodaboda hata kwa kituo kimoja. Beba ile ya kweli. Kwenye begi weka pia jozi ya pili ya vioo, umevifunga ndani ya soksi safi.