Ukihamia Lamu kikazi: nguo chache, maji ya aina mbili na mwendo wa miguu

Kila mwaka huteremka gatini walimu, wauguzi, makarani na wanafunzi wa mafunzo ya kazi, wengi wao na mzigo usioenea katika chumba watakachopanga. Masika yakipita, sehemu kubwa ya mzigo huo imeota kuvu, imeshika kutu au imegeuka manjano kwapani. Wageni wetu tunawapa kipimo kimoja cha kupangia maisha: kisichostahimili maji ya chumvi, jasho na vichochoro, kibaki bara.

Anza na kitambaa. Pamba tupu, au pamba iliyochanganywa na kitani, ndiyo unayoitaka. Polista hainywi jasho. Jasho linabaki baina ya ngozi na nguo, na harufu ya kwapa hung'ang'ania nyuzi zake hata baada ya kufuliwa. Dukani, ikiwa nguo haina kibandiko, omba ruhusa udondoshe tone la maji kwenye pindo: pamba hulinywa papo hapo, polista huliacha limekaa juu kama shanga. (Leso mpya yenye wanga huweza kukudanganya, hiyo isamehe.) Madera nayo yapime, maana mengi yanayouzwa kwa bei rahisi ni polista, na mvaaji hushangaa kwa nini nguo pana vile inamchemsha.

Mwanamume wa ofisini atatoshwa na mashati manne mepesi, suruali mbili, vikoi viwili na kanzu moja. Mwanamke achukue madera matatu, sketi mbili ndefu, blauzi tatu za mikono na doti moja ya leso. Chagua rangi tatu zinazooana, ili kila shati liende na kila suruali na asubuhi usisimame mbele ya kabati ukiwaza. Anayevaa buibui, ndani avae gauni moja la pamba, si jinzi na fulana nzito. Asiye Muislamu halazimiki kuvaa buibui wala kanzu. Akifunika mabega na magoti hapati tabu mtaani. Kaptura ya kuogelea iishie ufukweni.

Kikoi ni nguo ya nyumbani na ya kulalia, na mgeni akikizoea hapungukiwi pajama. Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, pitisha kikoi nyuma, kunja upande mmoja mbele, wa pili uupishe juu yake, kisha viringisha ukingo wa juu kwa nje mara mbili au tatu hadi ukaze kiunoni. Ukikifunga miguu ikiwa pamoja, kitakubana kwenye ngazi ya kwanza, na nyumba za hapa ngazi zake ni ndefu. Kikilegea, si lazima ni kibovu: mara nyingi umeviringisha mara moja tu.

Sasa kufua, ambako ndiko nguo nyingi huharibika. Maji mengi ya visima vya mjini yana chumvichumvi. Sabuni ya mche haitoi povu ndani yake. Hugandana ikawa utando wa kijivu unaokaa kwenye nyuzi, na shati jeupe huonekana kuukuu kabla ya wakati wake. Tumia sabuni ya unga, na uikoroge ndani ya ndoo hadi iyeyuke yote kabla ya kutia nguo. Fua na suuza mara ya kwanza kwa maji ya kisima, ila suuzo la mwisho liwe la maji matamu: ndoo ya lita 10 hutosha mashati matatu. Wengi huruka hatua hiyo ili kuokoa maji. Chumvi inayobaki kwenye nguo huvuta unyevu wa hewani, kwa hivyo shati halikauki sawasawa, huwa zito na kukwaruza shingo, na likikaa kabatini hunuka uvundo.

Doa la manjano kwapani usilitie dawa ya klorini. Mara nyingi hulizidisha umanjano. Changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe na lita mbili za maji baridi, loweka nusu saa, kisha fua kama kawaida. Siki na klorini zisikutane kamwe kwenye ndoo moja, hutoa gesi ya sumu. Anika darini nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa kuwa jua hupausha rangi, na anua kabla ya magharibi umande haujashuka. Vichochoro ni vyembamba, jua halifiki chini. Nguo iliyokaushwa chumbani masika huota kuvu.

Ukipenda kufukiza udi, fukiza nguo safi iliyokauka. Kaa lililoshika vizuri, lisilotoa moshi wake, liweke kwenye chetezo, kipande cha udi juu, na nguo itandazwe umbali wa kutosha isiungue. Moshi hufunika harufu ya jasho kwa muda tu, hauiondoi. Kama nyumbani yuko mwenye pumu, fungua madirisha au uache kabisa.

Ngozi na chuma vinataka uangalizi. Mkanda na viatu vya ngozi usivifungie kwenye mfuko wa plastiki. Vining'inize penye upepo, na kuvu ikitokea ifute kwa kitambaa chenye siki, kisha kausha kivulini. Zipu za chuma hushika kutu kwa hewa ya bahari; sugua mshumaa kwenye meno yake kila baada ya wiki chache, au nunua nguo ya vifungo.

Magari mjini ni ya kuhesabu, kwa hivyo miguu ndiyo chombo chako. Kiatu cha kufunika na soksi nyevu huleta fangasi baina ya vidole. Makubazi yenye mkanda wa nyuma yanafaa zaidi. Ndara zisizo na mkanda huteleza pale mfereji unapovuja na samadi ya punda imelowa. Ukisikia "Simile!" nyuma yako, ingia kwenye daka, yaani kibaraza cha mlango wa karibu, usisimame kutazama: punda aliyebeba mawe hapindi kona kwa ajili ya mtu. Ukijikata mguu, osha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha uende kituo cha afya kuuliza kama chanjo yako ya pepopunda bado inafanya kazi, maana vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi. Na viatu vya nje viishie mlangoni. Hilo hufundishwi na daktari, ni adabu ya nyumba.

Maji ya kunywa yatenganishe na ya kazi siku ya kwanza, ndoo mbili za rangi tofauti. Kuchemsha huua vijidudu lakini chumvi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, chumvi ndiyo inazidi. Basi usijisumbue kuchemsha ya kisima kwa kunywa. Chukua ya mvua au ya kununua kwa mtu unayemwamini, na ya mvua yaache yachemke kwa nguvu dakika moja. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe paa, usiikinge. Tumbo likiharisha, koroga vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji salama, na unywe kidogo kidogo. Ukiona damu, homa kali, au huwezi kushika maji tumboni, nenda hospitali.

Nyumba za kale zilikuwa na birika la maji chooni, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Wewe huna samaki: funika pipa, na kila wiki limwage na kulisugua pembeni, kwa sababu yai la mbu huhitaji siku saba hadi kumi kuwa mbu kamili. Chandarua chenye dawa ni cha usiku. Mbu wa homa ya dengi huuma mchana, kwa hivyo mikono mirefu ina kazi yake hata ofisini.

Chakula cha hapa ni kitamu na ndipo hatari ilipo. Mbaazi za nazi na mahamri mawili ni kifungua kinywa kizuri. Mahamri matano ni mafuta. Vikombe vinne vya chai kwa vijiko vitatu vya sukari ni vijiko 12, karibu gramu 48, yaani umefika ukomo wa siku kabla ya kugusa halwa. Wakati wa upepo wa kusi bahari huchafuka, samaki wabichi huadimika na bei hupanda. Watu hukimbilia papa mkavu. Mloweke, badilisha maji mara mbili, mchemshe na kumwaga yale maji, ndipo umpike, na kwenye mchuzi usitie chumvi tena. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kidogo kimoja, na papa asiyelowekwa huimaliza peke yake.

Mazoezi hayahitaji ukumbi. Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu, na mwendo wa haraka wa nusu saa, siku tano, hutimiza dakika 150 zinazopendekezwa kwa wiki. Nenda baada ya alfajiri au baada ya alasiri. Maji yakijaa, sehemu za njia ya pwani hufunikwa, na kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Uliza manahodha gatini, au pitia njia ya ndani. Adhuhuri pumzika kama wenyeji, kwani maduka mengi yamefungwa hata hivyo.

Jioni utaitwa barazani. Nenda, kwani shida nyingi za mgeni hutatuliwa pale, kuanzia chumba hadi fundi. Ila kahawa chungu ya saa mbili usiku, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa saba. Kunywa ya alasiri, na usiku omba tangawizi tupu.