Maswali ya Wasomaji: Kisu cha Springi na Ufa wa Ndoo ya Maji

SWALI: Nilinunua kipande cha springi ya pikapu Gikomba, nikakichonga kisu kwa grainda. Nikakipasha kwenye makaa hadi kikawa chekundu, kisha nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikalia "ta!", na sasa kina ufa mwembamba kama unywele kutoka kwenye makali hadi katikati ya bapa. Je, nikichomelee?
Fundi mwanafunzi, Kayole

JIBU: Usichomelee. Weldi itauficha ufa tu, na siku utakayokikandamiza kwenye mfupa wa mbuzi kitakatikia hapo hapo. Kirudishe kwenye mzigo wa vyuma chakavu uanze upya.

Kilichokiharibu ni maji. Springi za gari kwa kawaida ni feleji yenye kaboni ya karibu asilimia 0.6 pamoja na kromiamu au silikoni, na feleji ya namna hiyo hupozwa kwa mafuta. Ukiitia majini, nje hugangamaa papo hapo wakati ndani bado pana moto. Ndani nako kukigeuka kuwa kugumu, huvimba kidogo. Nje iliyokwisha kuwa ngumu kama kioo haina pa kwenda ila kupasuka.

Safari hii chagua kipande kilicho mbali na tundu la katikati, maana springi kuukuu hupata nyufa hapo. Kining'inize kwa uzi ukigonge kwa nyundo: kikilia kama kengele kichukue, kikilia kama debe kiache. Kipashe hadi kiwe chekundu, kifukie kwenye jivu kavu usiku kucha, na asubuhi tupa itakila bila shida. Kwa kisu cha kazi, unene wa mgongo milimita 4 hadi 5 unatosha, urefu wa bapa sentimita 11, na msuka, yaani chuma kinachoingia kwenye mpini, ufike mwisho wa mpini. Toboa matundu ya pini sasa. Baada ya matiko, yaani kukipasha chuma na kukipoza ghafla kiwe kigumu, keekee ya kawaida haitaingia. Makali yaache na unene wa milimita 1 hadi 1.5, na ufute mikwaruzo ya grainda kwa msasa wa 120, kwani kila mkwaruzo unaokatiza bapa ni mwanzo wa ufa.

Hapo ndipo uwashe moto. Wengi husema "hadi kiwe chekundu", lakini wekundu wa saa sita mchana juani si wekundu wa ndani ya kibanda chenye giza. Tumia sumaku ya spika bovu. Chuma kikiacha kunaswa na sumaku kimefika nyuzi 770 hivi. Kiongeze joto kidogo tu, rangi ing'ae kiasi, kisha kizamishe ncha mbele, wima, bila kukiyumbisha kando. Mafuta ya kupikia lita 3 yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60 yanafaa. Yaweke kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko karibu, si ndoo ya plastiki, kwa sababu yanaweza kushika moto. Oili chafu ya injini tunaikataa: moshi wake una sumu.

Pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza bila kung'ata, matiko yameshika. Lakini kisu hicho bado ni chepesi kuvunjika kikianguka sakafuni, hivyo siku hiyo hiyo kitie kwenye oveni ya nyuzi 200 hadi 220 kwa saa 2, kipoe, kisha urudie. Kizike kwenye sinia la mchanga, kwa kuwa joto la oveni za nyumbani hupanda na kushuka. Chuma ulichokisafisha kitageuka rangi ya majani makavu.

SWALI: Kisu changu kilikuwa kikali sana. Nilikinoa kwa grainda na sasa makali yanajikunja hata kwenye mti mlaini.
Msomaji, Kariobangi

JIBU: Angalia ukingo. Ukiona buluu, umeunguza matiko. Doa likiwa dogo, linoe polepole kwenye kinoo chenye maji hadi liishe. Likiwa limeenea, rudia matiko yote. Chuma kilichokwisha kutiwa matiko kinolewe kwa mkono, kwa pembe ya nyuzi 20 kila upande. Ukilazimika kutumia mashine, kishike bila glavu na ukichovye majini kabla hakijakuchoma.

SWALI: Mpini wa mvule umeanza kucheza baada ya mwezi mmoja. Nilitumia gundi nyingi na jiriwa niliikaza sana.
Msomaji, Kikuyu

JIBU: Huko kukaza sana ndiko kulikokamua gundi yote nje. Bana kiasi cha kushikilia tu, uiache epoksi saa 24. Pia huenda mbao ilikuwa mbichi, nayo ikikauka hunywea na kuachana na chuma. Kwaruza msuka kwa msasa wa 60, usiguse tena kwa vidole, tia pini 2 au 3 za shaba nyeupe za milimita 5. Ukihamia mpingo, upanguse kwanza kwa spiriti kwa sababu una mafuta yake.

Na usikilaze kisu ndani ya ala ya ngozi: ngozi hushika unyevu, na feleji hii hupata kutu upesi. Kipanguse, kipake mafuta kidogo, ukitundike.